Amana za Bi Mwanamkasi

Watu wa Timbwani tuna domo, hilo sikatai. Mtu akikohoa alfajiri, hajafika feri ameshatangaziwa kifua kikuu. Lakini domo hilo, kwa miaka na miaka, lilikuwa likifika mlangoni kwa Bi Mwanamkasi linajifunga lenyewe. Mtu angesema nini juu yake? Mjane wa watu, swala hazimpiti, mchana kutwa yuko kibarazani ameinamia kofia anayoidarizi, akisalimiwa aitika, asiposalimiwa hanuni. Na zaidi ya yote alikuwa mtu wa amana. Ukimwekea kitu chako leo, ukakirudia baada ya mwaka, utakikuta vile vile ndani ya kitambaa kile kile ulichokifungia. Mamake naye alikuwa hivyo hivyo kabla yake.

Maana dhahabu ya mwanamke wa huku kwetu haiendi benki, jamani. Huwekwa kwa mtu. Bi Jalila, jirani wa mkabala, alikuwa ameweka kwake bangili alizorithi kwa mamake, zingoje harusi ya binti yake. Samiha, mwanamke kijana aliyeachwa na mumewe, alikuwa ameweka mkufu na vipuli vya mahari yake, na hicho ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwenye ndoa ile. Vyote vilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Bi Mwanamkasi, na wenyewe walilala usingizi.

Kisha wakaja vijana wa mapanga. Hao hawana haja ya kuelezwa. Kila mtu wa Likoni ana jamaa aliyekatwa mkono au aliyepokonywa simu mbele ya wanawe. Basi ikawa kila nyumba na dawa yake. Huyu apanga vipande vya chupa juu ya ukuta, yule atia grili mpaka dirisha la choo, mwingine afunga taa ya sola inayowaka paka akipita. Mzee mmoja wa nyuma ya msikiti alinunua mabata bukini akisema ni walinzi kuliko mbwa na wala hawana najisi. Wallahi bata wale walimwuma yeye, wakamwuma mkewe, wakamwuma na muuza maji, mwizi hawakumwona hata siku moja.

Bi Mwanamkasi yeye alikuwa na grili ya mlangoni aliyoiacha marehemu mumewe, na Ayatul Kursi ndani ya kioo juu ya kizingiti. Akaona yatosha. Aliyeona haitoshi ni Sabah, binti yake mkubwa, anayefanya kazi Doha kwenye nyumba za Waarabu.

"Mama, dhahabu za watu zimo chini ya kitanda, nawe walala na Ayatul Kursi tu?" Sabah alimpigia simu.

"Tu? Umesema tu?" Bi Mwanamkasi alikuja juu. "Ayatul Kursi ni tu?"

"Astaghfirullah, sikukusudia hivyo, mama. Lakini hata Mtume alisema mfunge ngamia wako kwanza, kisha ndiyo umtegemee Mungu."

Mtu akishataja Mtume, wewe utajibu nini? Akaja fundi Nyale, kijana wa Kidigo anayejua mambo ya umeme, akafunga king'ora chini ya paa. Mlangoni na madirishani akabandika vijicho vidogo vyeupe, na ukutani, ukiingia tu, akaweka kibao cha namba. Ukitoka wabonyeza namba zako, king'ora kinawaka. Ukirudi wazibonyeza tena upesi, kizimike. Ukichelewa, mtaa wote watoka nje. Siku ya kukijaribu kililia mpaka kuku wa Bi Jalila wakapanda juu ya mti. Watu wakaja na marungu, wakacheka, wakarudi makwao. Tangu siku hiyo nyumba ya Bi Mwanamkasi ikawa ndiyo ngome ya Timbwani, na waliokuwa hawajaweka amana kwake wakaanza kuleta.

Namba zile walizijua watu wawili tu, yeye na Mansur.

Haya, sasa tumefika kwa Mansur, na hapa ndipo domo lilipokuwa halifungiki. Mansur ni kitinda mimba wake. Alikuwa teja. Alivuta unga tangu ujana wake, akauza sufuria za mamake, akauza mpaka milango ya choo, akalala maskani pwani huko na wenzake waliokwisha kuwa mifupa mitupu. Watu walimwambia Bi Mwanamkasi amfukuze. Alikuwa na jibu moja: "Mwana akinyea mkono, mkono haukatwi." Na Mungu si Athumani, Mansur akaacha. Alianza kwenda kliniki kunywa ile dawa ya kuachisha unga, kila asubuhi, mvua ikinyesha ama isinyeshe, na mwili ukaanza kumrudia. Akapata kibarua cha kupakia mizigo sokoni Kongowea. Akanunua shuka jipya la kitanda chake kwa jasho lake, na mamake akaenda kulionyesha kwa majirani kama watu waonyeshavyo nguo za harusi.

Siku fundi Nyale alipomaliza kazi, Bi Mwanamkasi alimwita Mansur mbele ya watu waliokuwapo, akamwambia namba sikioni. Alijua anachokifanya. Alitaka Timbwani nzima ione kwamba amemwamini mwanawe. Mansur alisikiliza, akainamisha kichwa, akatoka nje kwenda kusimama peke yake nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemtania.

Mambo yalikaa hivyo hadi alipofariki Mzee Sharif wa nyumba ya pili.

Tanga la Mzee Sharif lilikuwa kubwa. Alikuwa na jamaa Ukunda, Msambweni, mpaka Vanga, na wote walikuja. Nanyi mwajua tanga la kwetu. Nyumba ya mfiwa haitoshi, basi jirani hufungua yake. Wanawake wa mbali hulala humo, huoga humo, hutilia udhu humo, na hakuna anayemwuliza mwenziwe wewe ni nani na umetoka wapi. Kumwuliza mtu tangani alikotoka ni utovu wa adabu. Bi Mwanamkasi alifungua nyumba yake usiku ule ule wa mazishi, akatandika majamvi ukumbini.

Lakini king'ora kile hakikujua tanga ni nini. Mara ya kwanza kililia mwanamke wa Msambweni alipofungua dirisha apate hewa. Watu wakashtuka, wakasema si kitu. Mara ya pili kililia wakati mjane wa Mzee Sharif ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi baada ya kulia kutwa, naye akaruka kutoka kitandani akipiga kelele, akidhani sijui nini, mpaka akazirai. Wanawake wakamwangalia Bi Mwanamkasi. Mmoja alisonya, na sonyo lile lilimwingia mpaka mfupani. Mtu ana msiba, nawe wamletea ving'ora! Alikwenda kwenye kibao, akabonyeza namba, akakizima. Akajiambia atakiwasha watu wakiondoka.

Siku ya hitima, baada ya adhuhuri, wanawake wote walikusanyika kwa mfiwa kusoma. Bi Mwanamkasi alikuwa wa mwisho kutoka kwake. Alishika kufuli la grili mkononi, akaliangalia, akawaza: nifunge, na mgeni akitaka kuja kutawadha? Wataniona mimi mwanamke gani, nawafungia wafiwa mlango? Akaurudisha mlango tu, akaenda zake kusoma. King'ora kilikuwa kimezimwa tangu juzi.

Katikati ya hitima waliona sinia za pilau hazitoshi. Bi Mwanamkasi alichungulia dirishani, akamwona Mansur amekaa na wanaume chini ya turubai.

"Mansur!"

"Naam, mama!"

"Nenda kwetu uniletee lile sinia kubwa, liko juu ya kabati la jikoni."

Mansur akaenda, akarudi na sinia kichwani. Watu wote walimwona akitoka mle ndani. Hakuna aliyewaza lolote wakati ule.

Hitima ilipokwisha na watu kuanza kutawanyika, Bi Mwanamkasi alirudi kwake kubadilisha leso. Alikuta sanduku la bati liko katikati ya chumba, kufuli limevunjwa, vitambaa vya watu vimetupwa sakafuni. Alikaa chini pale pale. Alipapasa vitambaa kimoja kimoja akijua havina kitu. Kisha akatoa yowe.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Jalila, na Samiha nyuma yake. Bi Jalila aliona sanduku, akajishika kichwa, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili:

"Mwanamkasi, king'ora hukukiwasha?"

Sasa sikilizeni. Bi Mwanamkasi alikuwa amekaa darsani miaka mingi kwa Mwalimu Stambuli, na hukumu ya amana aliijua. Amana ikipotea pasipo uzembe wako, huna deni wala huna aibu, ni kadari. Ukizembea, wewe ndiye uliyeipoteza. Hakupanga kusema uongo. Aliona uso wa Samiha, aliona wanawake wanaojaa mlangoni, aliliona jina lake na la mamake, na ulimi hauna mfupa.

"Nilikiwasha," alisema. "Nimekiwasha kwa mkono wangu huu."

Nyuma ya wanawake wale, ukumbini, Mansur alikuwa amesimama. Alikuwa amekuja mbio kwa sababu ya yowe. Alimwangalia mamake, mamake akamwangalia. Yeye ndiye aliyeingia kuchukua sinia. Alikuwa ameusukuma mlango tu, hakubonyeza namba yoyote, na king'ora hakikulia. Kwa hiyo alijua. Na Bi Mwanamkasi akajua kwamba anajua. Mansur akageuka, akatoka.

Fundi Nyale aliitwa kesho yake. Alibonyeza, akafungua, akafunga, king'ora kikalia sawasawa. Akasema kwa uaminifu wake, maskini, wala hakuwa na nia mbaya:

"Chombo ni kizima. Kama kweli kilikuwa kimewashwa, basi aliyeingia anazijua namba."

Basi, yakaisha. Siku ile katika nyumba ile walipita watu nisioweza kuwahesabu, wa Ukunda, wa Vanga, wasiojulikana hata na mfiwa mwenyewe, na yeyote kati yao angeweza kuchutama akavunja kijisanduku. Bi Mwanamkasi angalisema tu "nilizima," mwizi angalikuwa mmoja katika watu mia. Kwa neno lile moja la "nilikiwasha," mwizi akabaki mmoja tu. "Kikulacho ki nguoni mwako," wakasema. "Teja haachi. Si alionekana akitoka mle na sinia? Chini ya sinia kulikuwa na nini?" Hata waliolisifu shuka jipya sasa wakauliza lilinunuliwa kwa pesa gani.

Bi Mwanamkasi aliyasikia yote. Moyo ulimuuma, msidhani haukumuuma. Kila siku alijiambia leo nitasema. Kila siku akaona uzito umeongezeka, maana sasa halikuwa tena kosa la kuzima king'ora. Lilikuwa la kuapa mbele ya watu na kumwachia mwanawe alaaniwe. Alimtetea kwa maneno madogo madogo. Alisema, "Mansur hakuiba, mimi namjua mwanangu," na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mansur mwenyewe hakumwuliza kitu. Alikwenda kliniki asubuhi, akaenda Kongowea, akarudi, akala chakula alichopakuliwa. Wakati mwingine alikaa mbele yake kwa muda mrefu, akimtazama anavyodarizi, kama mtu aliyeketi kungoja zamu yake.

Ndipo Samiha akataka Halbadiri.

Hicho ni kisomo kizito, kwa asiyejua. Hukaa watu wakasoma majina ya mashujaa wa vita vya Badri, na laana humshukia aliyeiba: tumbo humvimba, au akili humruka. Wako mashekhe wasiotaka hata kukisikia. Lakini mtaani kwetu, kikitangazwa tu, kitu kilichoibiwa mara nyingi hupatikana asubuhi kimetupwa mlangoni. Samiha alikuja na kaka yake Rashid na Mwalimu Stambuli, wakakaa ukumbini kwa Bi Mwanamkasi.

"Amana imepotea mikononi mwako," Mwalimu Stambuli alimwambia kwa upole. "Hatuwezi kusoma bila idhini yako. Ukiridhia, tunasoma Ijumaa baada ya swala. Lakini jueni nyote, hiki si kitu cha mchezo. Humpata aliyeiba, na aliyemsaidia, na anayejua jambo akalificha."

Anayejua jambo akalificha.

Mansur alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akaja mbele, akapiga magoti miguuni pa mamake, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipoomba msamaha wa unga.

"Mama, waambie wasome," alisema. "Nakuomba. Mimi sikuiba. Mtaani siwezi kupita, kazini wamenikataa. Wasome, na mimi nitakaa mbele kabisa, watu wanione. Isiponidhuru watajua. Mama, sina kitu kingine cha kunisafisha ila hicho. Au..."

Hakumaliza. Hilo "au" lilibaki pale, na walioelewa walikuwa wawili tu. Alimpa mamake nafasi, mbele ya mashahidi, kwa heshima yote ambayo mwana anaweza kumpa mzazi. Neno lilimfika Bi Mwanamkasi kooni. Wallahi lilimfika. Akamtazama Mwalimu Stambuli, mtu aliyekuwa akimtolea mfano darsani, "kuweni kama Bi Mwanamkasi," na neno likarudi chini.

"Hapana," alisema. "Sitaki kisomo nyumbani kwangu. Namwachia Mungu."

Rashid alicheka kicheko kikavu. Samiha akaanza kulia. Na Mansur akabaki amepiga magoti, akiangalia sakafu. Kwa maana hakuna aliyekuwa mle ndani asiyeelewa, au asiyedhani ameelewa: mama amemkingia mwanawe laana. Mama mwenyewe anajua mwanawe ni mwizi. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Shelly Beach.

Ikawa siku iliyofuata, baada ya alasiri. Mtoto wa Bi Jalila alikuja mbio akasema Mansur amekamatwa uwanjani. Bi Mwanamkasi alitoka bila buibui, na leso moja tu, kichwa wazi, yeye ambaye hajawahi kuonekana nywele. Alikimbia na miguu yake ile yenye baridi yabisi. Alikuta duara la vijana, na Rashid katikati na rungu, na chini yake kitu kilichojikunja ambacho alikijua kwa shati.

"Dhahabu ya dada yangu iko wapi?" Rashid alikuwa akipiga na kuuliza, akiuliza na kupiga.

"Muacheni!" Bi Mwanamkasi alijipenyeza. "Muacheni, hakuiba! King'ora nilikizima mimi! Kilikuwa kimezimwa, na mlango ulikuwa wazi!"

Rashid alimgeukia, uso umejaa jasho, na sauti yake ilikuwa ya adabu, ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Bi Mwanamkasi, rudi nyumbani. Wewe hakuna anayekulaumu."

"Wallahi nilikizima! Nilisema uongo! Wallahi, billahi!"

"Mwamwona teja?" mmoja aliwaambia wenzake. "Mwaona alipomfikisha mamake? Mtu mzima aapa uongo kwa ajili yake! Mama wa watu!"

Na kwa hasira ya hilo wakampiga tena. Wanawake wawili walimshika Bi Mwanamkasi mabega wakamvuta nyuma, wakimfunika nywele kwa leso zao, wakimwambia pole mama, pole, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alipigana nao. Alipiga kelele kweli ile ile mpaka sauti ikakatika, na kila alipoisema walimkumbatia kwa nguvu zaidi. Walimwacha Mansur pale tu Mwalimu Stambuli alipofika na wazee, na wakati huo Mansur alikuwa hasogei.

Hospitalini walisema ni damu imemwagikia ndani. Asubuhi alizindukana. Bi Mwanamkasi alikuwa amekaa kando ya kitanda na hakuwa amesogea tangu walipomwingiza. Jicho moja la Mansur lilikuwa limefunga kabisa. La pili lilimtafuta likampata.

"Ulisema, mama?"

"Nilisema, mwanangu. Nilisema."

"Wakakuamini?"

Bi Mwanamkasi akatikisa kichwa. Mansur akahema kwa shida.

"Mbona wewe hukusema?" Bi Mwanamkasi alimwuliza, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Uliingia, uliona kimezimwa. Mbona hukuniumbua, mwanangu? Ungeniumbua tu!"

"Mimi teja, mama. Nikisema wewe mwongo, nani atanisikiliza?" Alipumzika. "Na wangenisikiliza, ungekuwaje wewe? Nilisema moyoni, mama atasema mwenyewe. Leo atasema. Kesho atasema. Nilikuwa nakungoja."

"Nisamehe."

Mansur hakujibu. Sijui kama hakutaka au hakuweza. Bi Mwanamkasi naye hajui, na hilo ndilo analoamka nalo kila alfajiri. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Polisi walikuja, wakauliza nani alikuwa uwanjani, na Timbwani nzima haikuwa imeona kitu. Domo letu lote lile! Rashid alivuka feri akapotea kwa muda, kisha akarudi, na hakuna aliyemgusa. Dhahabu haikuonekana mpaka leo. Fedha Sabah alileta, akamlipa Samiha, akamlipa na Bi Jalila, na wengine wote wenye amana, ingawa Mwalimu Stambuli alisema si lazima. Bi Mwanamkasi ndiye aliyelazimisha. Na watu wakasema, mwaona? Mwanamke wa haki. Mwana alimwibia, na yeye amelipa.

Amewaambia wote. Amemwambia Mwalimu Stambuli, akamwambia mjane wa Mzee Sharif, akasimama darsani mbele ya wanawake akasema kwa kinywa chake kwamba alizembea amana na akamsingizia mwanawe. Wanawake walilia. Mwalimu alimwombea dua Mungu amtulize moyo. Siku hizi akianza kusema watu humpisha, humpa maji ya kunywa, humwambia apumzike.

Baada ya siku za msiba kwisha machoni pa watu, Bi Jalila alivuka njia akaja kibarazani. Walisalimiana. Alikaa, akatoa kifurushi kifuani mwake.

"Binti yangu huyo ameshaolewa," alisema. "Kapewa vitu vyake, na kwa wakwe zake watu ni wengi, waingia na kutoka. Nikawaza tuviweke wapi. Nikasema, hakuna nyumba kama ya Bi Mwanamkasi, na sasa tena..."

"Sasa tena nini, Jalila?"

"Sasa kwako kumetulia, bi."

Bi Mwanamkasi aliweka sindano chini. Alimshika mwenziwe mkono, akamtazama machoni, akamwambia taratibu, neno kwa neno, mtu asipate kukosea:

"Jalila. Mansur hakuiba. King'ora nilikizima mimi, mlango nikauacha wazi, na nilipoulizwa nikasema uongo. Wewe ndiye uliyeniuliza."

"Najua, bi," Bi Jalila alisema, akimpapasa mgongo wa kiganja kama mtoto mwenye homa. "Najua. Wewe ni mama."

Akamwekea kifurushi mapajani, akasimama, akajifunga buibui yake vizuri, akavuka njia kwenda kwake.